Raha na Mzigo wa Nyumba Yenye Watoto Wengi



Mtu apitaye Athi River kwa gari moshi au kwa basi huona moshi wa viwanda na vumbi la saruji, akadhani kuwa mji ule ni mahali pa kazi tu. Akishuka saa kumi na mbili jioni ataona jambo jingine. Mtoto wa miaka minane amembeba mdogo wake mgongoni. Wa tatu anabeba mtungi wa maji, maana maji ni shida kubwa katika mji huo. Wa nne anapuliza jiko la makaa. Mama hajarudi kutoka kazini, lakini nyumba haijalala.

Hayo ndiyo malezi ya nyumba kubwa: mama huzaa, na ndugu huleana. Sufuria moja ya isyo, yaani mahindi na maharagwe, huwafunza watoto kugawana kabla mwalimu hajawafunza kugawanya kwa hesabu. Kitinda mimba huenda shule akijua kuhesabu, kwa kuwa alikaa miguuni pa kaka zake walipokuwa wakisoma kwa taa. Ugomvi haukosi, wala si kitu kibaya. Aliyegombana na ndugu watano akapatana nao kabla ya kulala hatashindwa na jirani mmoja.

Majina nayo yana raha yake. Kwa Wakamba, Mutuku amezaliwa usiku, Kioko asubuhi, Wambua wakati wa mvua. Mama akisimama mlangoni kuwaita wote wale chakula, huwa anasimulia habari za nyumba yake bila kujua.

Ni vema kukumbuka kuwa hapo zamani wingi wa watoto haukutengwa na wingi wa mifugo. Mahari ya binti ilimsaidia kaka yake naye kuoa, hata ng'ombe walikuwa kama kamba iliyowafunga ndugu pamoja. Mwaka 1938, kiwanda cha nyama cha Liebig kilipokuwa kimejengwa Athi River, Serikali ya kikoloni iliwapunguza kwa nguvu ng'ombe wa Wakamba, ikisema kuwa nchi imeharibika kwa mmomonyoko. Maelfu ya watu, wanaume kwa wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kwa miguu kumwona Gavana, wakakaa huko majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alihamishiwa Lamu, lakini mwishowe upunguzaji ule wa nguvu uliachwa. Wakubwa walihesabu ng'ombe na majani. Wenyewe walihesabu pia ndoa za watoto wao.

Na nchi ile haikufa. Watu wa Machakos waliongezeka kama mara tano kati ya miaka ya 1930 na 1990, na hata hivyo vilima vilivyokuwa vimechunika vilipata matuta. Kazi ya fanya juu, ya kuchimba mfereji na kutupa udongo upande wa juu, yataka mikono mingi, nayo ilipatikana katika nyumba zenye watoto wengi na katika mwethya, yaani kazi ya ujima.

Lakini raha hii ina mwenye kuilipia, naye mara nyingi ni binti wa kwanza. Yeye ndiye anayebakizwa nyumbani mtoto mchanga akiugua. Yeye ndiye anayeacha shule karo isipotosha. Baadaye, tangu viwanda vya kushona nguo za kupelekwa ng'ambo vilipoenea Athi River, wengi wa mabinti hao wameketi mbele ya cherehani, na mshahara wao umekuwa karo ya wadogo zao. Wazazi humsifu kwa moyo wake, na sifa hizo ni za haki. Ila hazimrudishii darasa alilolikosa.

Bila shaka hesabu hii imefikiriwa katika nyumba nyingi. Katika uchunguzi wa 1977 na 1978, mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane kwa wastani. Mwaka 1989 walikuwa karibu saba. Mwaka 2022 walikuwa watatu na kidogo. Chumba kimoja cha kupanga hakina nafasi ya wanane, wala hakina shamba nyuma yake.

Hata hivyo undugu mkubwa haukuondoka pamoja na hesabu hiyo. Katika chumba hicho cha kupanga utamkuta mtoto wa shangazi aliyeletwa kusoma, na mdogo wa baba anayetafuta kazi kiwandani. Mwenye watoto wawili huwapikia sita. Na ifikapo Desemba, mabasi ya Machakos na Kitui hujaa watoto waliopakatwa na watoto wenzao, wakienda kwa nyanya kupalilia mahindi kwenye matuta ambayo babu zao walichimba wakiwa wengi.