Kusawazisha Miradi ya Apps Script kwa Zana za Kujengea Programu



Tangu Google Apps Script itoke mwaka 2009, msimbo wake hukaa kwa Google na huandikwa kwenye kivinjari. Skripti fupi ya kutuma baruapepe kutoka kwenye lahajedwali haina haja ya zaidi ya hapo. Shida huanza watu watatu wanapoishika kazi moja, na hakuna ajuaye nani kagusa nini.

Mwaka 2018 Google ilitoa clasp, programu ya kuandikia amri. Amri ya clasp pull huleta mradi kwenye kompyuta yako, na clasp push huupeleka winguni. Faili ya .clasp.json hutaja mradi ni upi na folda ipi ipelekwe. Kumbukeni kwanza kuwasha Apps Script API katika mipangilio ya akaunti. Wengi hukwama hapo.

Programu-jalizi ya zana ya kujengea inaingia wapi? Apps Script haielewi import wala export. Ukigawa msimbo wako katika moduli, zana kama webpack lazima iziunganishe ziwe faili moja. Lakini webpack hufungia kila kitu ndani ya funksheni yake, ilhali Google huitafuta funksheni ya onOpen kwa jina lake, nje kabisa, ndipo ichore menyu yako. Isipoiona, menyu haitokei, na hupewi hata ujumbe wa kosa. Dawa yake ni programu-jalizi ya gas-webpack-plugin: ukiandika global.onOpen = onOpen, yenyewe huweka onOpen tupu mwanzoni mwa faili. Google huliona jina, na msimbo ukianza kukimbia, funksheni yako halisi huchukua nafasi.

Sasa nije kwenye hatari ya kusawazisha kwenyewe. Push haiunganishi mabadiliko. Huandika upya mradi mzima. Faili isiyokuwamo kwenye folda yako hufutwa kule. Tuseme mhasibu amerekebisha kiwango cha kodi asubuhi kwenye kivinjari, nawe mchana ukajenga na kupeleka: kiwango cha zamani kimerudi, naye hana habari. Zana ikijiendesha yenyewe kila unapohifadhi faili, ajali hiyo huja haraka zaidi. Kwa hiyo nakala halisi iwe kwenye Git, na njia iwe moja tu, kutoka Git kwenda winguni. Majaribio yawe na mradi wake. Faili ya .clasprc.json hubeba funguo za akaunti yako. Isiingie Git hata siku moja.

Kumpiga marufuku mhasibu asiguse skripti hakusaidii, maana kodi itabadilika tena. Ninachowaomba ni kwamba, kabla ya kusakinisha programu-jalizi yoyote, viwango vyote mvitoe kwenye msimbo na kuviweka kwenye lahajedwali, mahali anapoweza kuvirekebisha bila kugusa skripti.