Sauti ya Kwanza Asubuhi

Leo tungependa kuzungumza juu ya saa ya kwanza ya siku, yaani ule wakati tunapofumbua macho mpaka tutokapo mlangoni.

Asubuhi katika nyumba zetu nyingi ni kama vita. Saa kumi na moja na nusu mama anawasha jiko, mtoto anatafuta soksi moja, baba anauliza kwa ukali shati lake liko wapi. Simu imelia mara tatu kabla ya mtu yeyote kusema, "Habari ya asubuhi?" Chai inanywewa wima, maana matatu haingoji mtu. Basi tunatoka, kila mmoja na uchungu wake. Mtoto aliyekemewa mlangoni huyabeba maneno hayo hadi darasani, na mke aliyejibiwa vibaya hukaa nayo hata jioni. Wazee walisema kwamba nyota njema huonekana alfajiri. Je, nyumbani kwetu alfajiri huonekana nini?

Na tutazame Marko, sura ya kwanza. Jioni ile huko Kapernaumu mji mzima ulikuwa umejaa mlangoni, na Bwana Yesu aliwaponya wengi. Mtu aliyefanya kazi kiasi hicho angestahili kulala mpaka jua lipande. Lakini yeye aliamka kukiwa bado na giza, akaenda peke yake mahali pasipo na watu, akaomba. Simoni na wenzake walimfuata na kumwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Hakurudi walikomvuta, alisema waende miji mingine ya karibu, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi aliyoijia. Hakuwa amewakimbia watu. Katika ule utulivu aliijua kazi yake kabla watu hawajampangia.

Nasi pia, sauti ya kwanza tunayoisikiliza hutuongoza siku nzima. Ikiwa ni simu, yenye habari za vifo, madeni na masengenyo, tutatoka na hofu. Tukianza na Mungu, shida hazitaondoka, lakini tutazikabili tukijua tuko pamoja na nani.

Labda mtu atasema, "Mchungaji, sisi tunakaa chumba kimoja, watu sita. Utulivu tutautoa wapi?" Swali hilo ni la haki. Susanna Wesley, aliyefariki mwaka 1742, alikuwa mke wa kasisi huko Epworth, Uingereza. Alizaa watoto 19, karibu nusu yao wakafa wangali wachanga, na madeni yaliwasumbua sana. Hata hivyo alijiwekea wakati wa sala kila siku. Husimuliwa kwamba alipokosa faragha alijifunika kichwa kwa aproni yake, na watoto wakajua mama asisumbuliwe. Katika nyumba hiyo ndimo walimotoka John na Charles Wesley. Kwetu sisi, leso yatosha.

Basi tufanyeje? Tuanze jioni: nguo za shule zitayarishwe, tulale mapema, na simu ikae mbali na kitanda. Asubuhi tuamke robo saa kabla ya wengine. Tukae kimya, tupumue taratibu, tusome zaburi moja. Kisha tuwataje mbele za Mungu wale tutakaokutana nao, hata yule tunayemwogopa. Halafu tuwasalimu wa nyumbani kwa upole kabla hatujamwagiza mtu neno lolote. Na askari wa usiku, ambaye asubuhi yake ni saa kumi ya jioni, asikate tamaa. Mungu hamfungii mtu mlango kwa sababu ya saa.

Na tukikosa siku moja? Tukumbuke mana jangwani. Kila asubuhi, isipokuwa siku ya Sabato, Waisraeli waliiokota, na ile waliyoiweka kinyume cha agizo iliingia mabuu. Ya jana haikuwafaa leo; lakini kesho yake walikuta nyingine mpya, hata wale waliokosea jana.

Na tuombe. Ee Bwana, kesho tutakapoamka, tulize mioyo yetu kabla ya midomo yetu kufunguka. Nyumba zetu zikuone wewe kwanza, na watoto wetu watoke kwa amani. Amina.