Kigamboni: Onja Maji Kabla ya Kulipa

Msikilizaji, tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, Kigamboni imesogea karibu na mjini. Dalali anakupeleka jioni kuona kiwanja, upepo wa bahari unavuma, minazi inayumba, nawe pesa zinakuwasha mfukoni. Tulia kwanza. Rudi masika, mvua ikiwa imenyesha siku mbili, uone maji yanatuama wapi.

Kisha piga hodi kwa jirani, umwombe kikombe cha maji ya kisima chake. Onja. Yakiwa na chumvi, usiyachanganyie zege. Chumvi huamsha kutu kwenye nondo, nondo inavimba, zege linapasuka, na siku moja kipande cha lenta kinakudondokea mlangoni. Tazama na grili za madirisha yake. Grili iliyoliwa na kutu haina kamisheni, haina sababu ya kukudanganya.

Karatasi nazo zina mambo. Kivuli cha hati hakitoshi. Omba upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati, ujue kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani na kama kina rehani. Muuzaji ana mwenzi wa ndoa na kwenye kiwanja hicho kuna nyumba ya familia? Ridhaa ya mwenzi ni lazima.

Na ukiambiwa kiwanja kiko “mguu majini”, shika futi kamba. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na mita hizo huanza pale maji yanapofika yakijaa, siyo yalipokupwa siku dalali alipokupeleka.