Kazi Ikipangwa Vizuri, Kila Mkono Una Tija

Waajiri wengi huuliza: nikimwajiri mtu mwenye ulemavu wa akili, kazi haitazorota?

Twende Japani. Mwaka 1960, kiwanda cha chaki cha Nihon Rikagaku Kogyo kiliajiri wasichana wawili wenye ulemavu huo. Leo zaidi ya asilimia 70 ya wafanyakazi wake wana ulemavu wa akili. Siri ni kupanga kazi upya. Asiyemudu namba hulinganisha rangi: malighafi ya chombo chekundu hupimwa kwa jiwe la mizani jekundu. Asiyesoma saa ya ukutani hutazama saa ya mchanga. Makosa hupungua, kazi husonga.

Hapa Tanzania, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu.

Ndugu mwajiri, anza na mmoja. Mfundishe hatua kwa hatua, mpe mwenzake wa kumwelekeza, mlipe ujira wa haki. Na kabla ya kupima kasi yake, pima kwanza ulivyoipanga kazi yenyewe.