Swedi Haitaki Haraka



Walionitangulia wamezungumzia elimu, kazi na ujenzi wa taifa. Kwa kuwa hayo yamekwisha semwa vizuri, mimi nimeomba niseme juu ya viatu. Msicheke. Nimechungulia chini ya meza hizi nikaona jozi kadhaa za swedi, na nyingine zinatia huruma.

Mwaka 1981 nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nakaa kwa kaka yangu Kigamboni. Nikaitwa kwenye usaili wa kazi mjini, nami sikuwa na viatu ila makobazi. Miaka ile viatu vilikuwa adimu madukani. Kaka akanitolea safari buti zake za swedi, rangi ya mchanga, kazi ya kiwanda cha Bata cha Limuru, Kenya. Alizinunua Nairobi mwaka 1976. Mwaka uliofuata mpaka ulifungwa, na hadi siku ile ulikuwa haujafunguliwa. Kwa hiyo jozi ile haikuwa na badala. Mwenyewe alikuwa akiivaa sikukuu na harusini tu.

Nikavuka kwa pantoni. Niliposhuka hapa Magogoni, ndoo ya mchuuzi wa samaki ikapinduka, maji ya chumvi yenye mafuta yakanilowesha kiatu cha kulia. Usaili niliufanya hivyo hivyo. Jioni, kwa kumwogopa kaka, nikafanya makosa matatu mfululizo. Nilivisugua viatu kwa sabuni ya mche na maji mengi. Nikavianika juani juu ya bati. Asubuhi yake, nilipoona baka bado lipo, nikavipaka kiwi ya kahawia ili nilifiche. Vikawa vigumu kama kifuu, vinang'aa kama vya askari wa gwaride.

Kaka hakunigombeza. Alivigeuzageuza mkononi, akasema, "Mdogo wangu, ungeniambia jana." Kisha akanichukua hadi Kariakoo kwa fundi viatu mmoja, mzee, aliyekaa barazani si mbali na soko.

Mzee yule alinieleza kwamba swedi ni upande wa ndani wa ngozi, uliosuguliwa mpaka ukatoa vinyweleo laini kama malaika ya mkononi. Uzuri wake wote umo katika vinyweleo hivyo. Maji mengi na jua kali huvigandisha, na ngozi hukakamaa. Kiwi huvilaza na kuvishika pamoja, na ikishaingia haitoki. Ndiyo maana hakuweza kuviponya viatu vya kaka. Lakini alinifundisha haya, nami nawakabidhi:

Kwanza, kiatu kikilowa, kifute kwa kitambaa kikavu, kijaze magazeti ndani, kiweke kivulini penye upepo. Ngoja kikauke chenyewe. Tope nalo lisiguswe likiwa bichi.

Pili, kikishakauka, kipige burashi kavu, kuelekea upande mmoja. Mswaki wa zamani unafaa.

Tatu, alama kavu isugue polepole kwa kifutio cha daftari. Hicho kila mwanafunzi anacho mfukoni.

Nne, mafuta yakimwagika, mwagia poda mara moja, uache usiku kucha, asubuhi ukung'ute.

Tano, baka la chumvi, ambalo sisi watu wa pwani tunalijua sana, lipanguse kwa kitambaa kilichonyevushwa kidogo kwa siki iliyochanganywa na maji. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Sita, vinyweleo vikilala, kipitishe kiatu juu ya mvuke wa birika, kwa mbali, kisha upige burashi.

Vijana, leo swedi si adimu. Mnazipata kwenye mitumba pale Karume, na msipokuwa waangalifu mtaziharibu kama nilivyoharibu mimi. Lakini kumbukeni kwamba baka la samaki lingetoka. Lililoviua viatu vya kaka ni haraka yangu ya kuficha. Ukiharibu cha mwenzio, mwambie siku ile ile, kabla hujakitia mkono.

Kaka aliendelea kuvaa jozi ile kazini, akiipaka kiwi kama viatu vya kawaida, mpaka soli zikaisha. Mpaka ulipofunguliwa tena, mwaka 1983, nilimwagizia nyingine kwa mshahara wangu, maana ile kazi niliipata. Alifungua boksi, akanuka ngozi, akatabasamu. Halafu akanisukumia mimi.

"Anza kuvaa wewe," akasema. "Vuka navyo Magogoni, urudi. Nataka nione kama ulimsikia yule mzee."

Nilivuka, nikarudi. Nilivipiga burashi mbele yake.