Kutembea Baada ya Saratani: Kutoka Mbotela Hadi Pwani

Kutembea nje ni sehemu ya kupona saratani. Si starehe ya kungojewa hadi mgonjwa apate nafuu kamili, wala si anasa ya wenye uwezo wa kwenda kupunga upepo Pwani. Mgonjwa anayeruhusiwa kurudi nyumbani baada ya upasuaji, kemo au mionzi hurudi na uchovu ambao usingizi hauumalizi. Kwa miaka mingi ushauri ulikuwa mmoja: lala, usijichoshe. Jamaa nao, kwa mapenzi, humpokonya ufagio na ndoo. Lakini mwili unaoshinda kitandani hupoteza misuli, na misuli ikipungua, kazi ndogo ya jana huwa kubwa leo. Uchovu huzaa uchovu.

Utafiti umegeuza ushauri huo. Mwaka 2019 jopo la wataalamu wa kimataifa lilichapisha mwongozo kwamba mazoezi ya wastani ya dakika 30, mara 3 kwa wiki, hupunguza uchovu, wasiwasi na huzuni kwa watu waliougua saratani. Juni 2025 yakatoka matokeo ya utafiti unaoitwa CHALLENGE. Huo ulifuatilia wagonjwa 889 wa saratani ya utumbo mpana, wengi wao wa Kanada na Australia, waliokuwa wamemaliza upasuaji na kemo. Kundi moja lilipewa maandishi ya elimu ya afya peke yake. Kundi la pili lilipewa pia mkufunzi na ratiba ya mazoezi kwa miaka 3. Katika kundi hilo la pili, hatari ya ugonjwa kurudi, saratani mpya kuzuka au mgonjwa kufariki ilipungua kwa asilimia 28, na hatari ya kifo peke yake kwa asilimia 37. Kiasi cha mazoezi kilicholengwa kingetimizwa kwa kutembea kwa haraka dakika 45 hadi 60, mara 3 au 4 kwa wiki. Matokeo haya yahusu utumbo mpana na hayawezi kubebeshwa kila saratani. Hata hivyo, faida ya kupunguza uchovu imeonekana katika saratani nyingi.

Zoezi la namna hii halihitaji ukumbi wala ada. Mkazi wa Mbotela, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, anaweza kuanza na dakika 10 katika vijia vya mtaani, kisha akaongeza dakika chache kila wiki. Kipimo cha kasi ni pumzi: anayetembea aweze kuzungumza, lakini asiweze kuimba. Siku ya udhaifu apunguze mwendo au apumzike, asiiache ratiba kabisa. Barabara ya Jogoo yenyewe haifai asubuhi na jioni, saa ambazo moshi wa matatu na vumbi huzidi, hasa kwa aliyetibiwa saratani ya mapafu. Afadhali vijia vya ndani, kuelekea Kaloleni au Maringo, au viwanja vya michezo visipokuwa na mechi. Akipata nguvu zaidi, Uhuru Park, Arboretum na msitu wa Karura hufikika kwa matatu, ingawa safari inaweza kumaliza nguvu alizokusudia kutembelea.

Hali ya hewa ya Nairobi ina hila zake. Jiji liko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, tena karibu na ikweta, kwa hiyo jua huchoma hata siku yenye ubaridi. Dawa kama fluorouracil na methotrexate huongeza wepesi wa ngozi kuungua, na ngozi iliyopigwa mionzi hubaki dhaifu kwa muda mrefu. Ngozi nyeusi haisalimiki hapo. Kofia pana, nguo za mikono mirefu na kutembea kabla ya saa 4 asubuhi au baada ya saa 10 jioni ndiyo kinga. Baridi ya Julai nayo huwaumiza wanaotumia oxaliplatin: hewa au maji baridi huwachoma vidoleni na kooni kama sindano, kwa hiyo wahitaji glavu na skafu.

Tahadhari nyingine hutegemea tiba. Siku 7 hadi 14 hivi baada ya kemo, seli nyeupe za damu huwa chache, na mikusanyiko ya watu ni hatari. Joto la mwili likifika nyuzi 38, mgonjwa aende hospitali mara moja, asingoje asubuhi. Aliyeondolewa tezi za kwapani kwa sababu ya saratani ya matiti aulinde mkono wa upande huo na majeraha na kuungua, lakini aendelee kuunyoosha, kwa kuwa kuufungia hakuuponyi. Mwenye ganzi nyayoni avae viatu vinavyoshika vizuri. Ambaye saratani imeingia mifupani apate kwanza ushauri wa daktari, maana kuanguka kunaweza kumvunja.

Pwani ina mvuto wake, na Mbotela imeunganishwa nayo hata kwa jina. Mtaa umeitwa kwa heshima ya Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha Kenya African Union (KAU) aliyeuawa Nairobi Novemba 1952, wa ukoo uliotoka Frere Town, Mombasa, karibu na fuo za Nyali. Tangu 2017 treni kutoka Syokimau hadi Miritini, Mombasa, humfikisha msafiri bila mitikisiko ya barabara. Ufuoni, maji yakipwa, mchanga uliolowa huwa mgumu na hutembeka kwa urahisi, tofauti na mchanga mkavu unaochosha miguu. Kaskazi huleta joto kali, na kusi huchafua bahari. Asiyehisi nyayo zake asitembee peku, kwa sababu ya matumbawe na mchanga wa moto. Kuogelea kungoje hadi vidonda vifunge na mirija ya dawa itolewe, ila mwenye mfuko wa haja tumboni aliyekwisha kupona kidonda anaweza kuogelea akiufunga vizuri. Malaria nayo isisahaulike: Nairobi ni nadra, Kilifi na Kwale ipo. Daktari aulizwe kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, na chandarua kitumike.

Lakini bahari yenyewe haitibu saratani. Karne ya 19 madaktari wa Ulaya waliisifu hewa ya bahari kama dawa. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, imo katika eneo la hospitali iliyojengwa ufuoni na Wajerumani mwaka 1897, ila mgonjwa huko hutibiwa kwa mionzi na dawa kama kwingineko. Faida ya ufuo ni kwamba unamtoa mtu ndani, unampa nafasi ya kutembea na sababu ya kukaa na watu. Mambo hayo matatu yapatikana pia Mbotela, na jirani anayekubali kutembea na mgonjwa kila jioni anamfaa kuliko safari moja ya mwaka.

Ndiyo maana viwanja vya Eastlands ni suala la afya. Nyumba kuukuu za jiji zikibomolewa ili maghorofa yajengwe, kila ramani mpya ibakize vijia salama, viti vya kupumzikia, miti ya kivuli na uwanja usio na malipo. Wenye jukumu la kudai hayo ni wakazi na diwani wao, na wakati wa kudai ni kabla msingi haujachimbwa.