Habari za Mji Wetu wa Turiani



Nimeagizwa niseme maneno machache juu ya mji wetu. Mgeni apitaye huona maduka, malori ya miwa na mikungu ya ndizi, kisha huuliza, Mji mdogo kama huu una habari gani? Basi na tumjibu.

Turiani upo chini ya milima ya Nguu, yapata kilomita 100 kutoka Morogoro. Wenyeji ni Wanguu, na jirani zao ni Wazigua na Waluguru. Hao wote huhesabu ukoo kwa upande wa mama: mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye amteteaye. Lishikeni sana neno hili, kwa maana pasipo hilo habari ifuatayo haieleweki.

Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, wakaanza kuwapokea watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1877 walipanda bara, wakaweka misioni Mhonda, hapo juu yetu. Walakini hawakuja peke yao. Walifuatana na vijana waliokombolewa, waliolelewa na kuoana Bagamoyo, nao wakapewa mahali pa kujenga na kulima. Katika sikukuu zetu majina ya mapadre hutajwa, na ni haki yatajwe. Majina ya wale vijana huyataja nani?

Fikirini hali yao. Mume hana mjomba, mke hana mjomba. Wamewekwa katika nchi ambayo mtu huulizwa kwanza, Mama yako ni wa ukoo gani? Mwana wao wa kiume akioa binti wa Kinguu, wajukuu walipata ukoo mara moja, maana mama yao alikuwa nao. Lakini binti yao, hata aolewe na mwenyeji mwenye heshima, watoto wake walibaki bila ukoo. Hivyo mzigo wa utumwa ulipita kwa wanawake, miaka mingi baada ya minyororo kufunguliwa. Kwangu mimi hilo ni jambo kubwa kuliko tarehe ya kujenga kanisa.

Wala wenyeji hawakuwa wageni wa msiba huo. Katika njaa ya miaka ya 1830 Wazigua wengi waliuzwa, wakafikishwa hata nchi ya Wasomali, kando ya mto Juba. Wazao wao walishika Kizigua, na vita vya 1991 vilipowaleta Handeni kama wakimbizi, walisemezana na wenyeji kwa lugha ya babu zao.

Siku hizi mji huamka mapema. Kutoka Maskati na vijiji vingine vya mlimani hushuka ndizi na iliki. Zamani kichwani, sasa mara nyingi kwa pikipiki. Bondeni ni mpunga na miwa. Wagonjwa huelekea hospitali ya Bwagala, na Mhonda kuna chuo cha ualimu. Tangu miaka ya 1960 sukari ya Mtibwa imeita watu wa makabila mengi kuja kukata miwa, na wengi hawakurudi kwao. Vijana watanidai nikisahau mpira: Mtibwa Sugar ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 1999, na tena mwaka 2000, ikawapita wakubwa wa Dar es Salaam. Siku ya mchezo pale Manungu hakuna aulizaye ukoo wa mtu.

Siku ya kugawa shamba huulizwa. Mkata miwa aliyezeeka hapa na mke waliyetoka naye mbali yumo katika hali ileile ya watu wa 1877, na watoto wake hawajui makwao kwingine.

Nina ombi moja, waalimu. Wangali wapo wazee Mhonda waliosimuliwa na bibi zao. Watumeni watoto wakawaulize majina ya wale wa kwanza, ya wanawake kwanza, wayaandike katika daftari moja likae parokiani. Mvua za masika zisitukute hatujaanza, maana wazee hao wamebaki wachache.